Kona ya Obadia Rusk

Baba yangu aliichukia miti kuliko alivyowachukia watu, na watu wenyewe hakuwa na haja nao sana. Ungemwona asubuhi na shoka lake, kidole gumba kinapapasa makali, ungedhani anakwenda kulipa kisasi cha ukoo. Jina lake Obadia Rusk. Alivuka milima kutoka Karolina na mke, farasi mmoja mwenye chongo, sufuria kubwa ya chuma na mashoka mawili, akaingia Kentucky wakati ambapo msitu ulikuwa umeshonana hata mchana ulifanana na jioni. Huko ndiko nilikozaliwa mimi, Ketura, na ndugu zangu watatu. Mimi ndiye niliyebaki kusimulia, na sitasimulia kwa upole.

Siku hizi ukisikia watu wanavyowasifu wale waliotangulia, utadhani walikuwa majabari watupu. Mimi niliishi nao chumba kimoja. Walinuka jasho na moshi, walikuwa wabishi kama nyumbu, na wengi walikufa kwa mambo ya kijinga. Baba hakufa kwa jambo la kijinga. Alilifanya, kisha akaishi nalo, na hilo ni zito zaidi.

Kazi aliifanya, sitamnyima haki yake. Mti mkubwa asioweza kuuangusha aliuvua gome mkanda mzima kuzunguka shina, akauacha ufe ukiwa umesimama. Mwaka wa pili majani hayatoki, jua linapita, na mahindi yanapandwa katikati ya maiti za miti. Katika shamba la namna hiyo ndimo nilimokulia. Upepo ukivuma tulikimbilia ndani, maana matawi makavu yalianguka bila kupiga hodi, na ng'ombe wetu wa kwanza alivunjwa mgongo hivyo. Tulikula mkate wa mahindi asubuhi, uji wa mahindi jioni, na nyama ya nguruwe ya chumvi Mungu akipenda. Kila mwaka msitu ulirudi nyuma kidogo, na kila mwaka mgongo wa baba ulipinda zaidi.

Katika nchi ile shamba la mtu halikuwa na ukuta. Lilikuwa na miti. Mpimaji alikuja na mnyororo wake wa kupimia, akapita toka mti hadi mti, na kwenye kila kona akachonga kwa shoka mikato mitatu na herufi za mwenye shamba. Gome jipya huifumba alama ile, lakini haliiui. Pakitokea ugomvi, hata baada ya miaka mingi, wazee wa mahakama wanakuja, wanaukata mti mahali palipofumba, wanaikuta alama ndani, na kwa pete za mti zilizoota juu yake wanajua ina umri gani. Mti ndio shahidi. Hauli hongo, hausahau, hauhami.

Kona yetu kubwa, ambayo mipaka mingine yote ilianzia, ilikuwa mti wa sukari kando ya chemchemi. Siku ulipochongwa mimi nilikuwa sijazaliwa. Baba alishika ncha moja ya mnyororo, na jirani yetu Jefta Coyle akashika ya pili. Mama alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia kwamba mpimaji, alipomaliza kuchonga O na R, alimgeukia baba.

“Mingine yote fanya utakavyo,” alisema. “Huu usiuguse. Huu ndio shamba.”

“Mzee, usinifundishe shamba langu,” baba akamjibu, na wote wakacheka.

Mama yangu, Drusila, aliupenda mti ule kwa sababu zake mwenyewe. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yanapoganda na mchana yanapoyeyuka, alitoboa shina lake, akachomeka mrija wa kijiti, na maji matamu yakadondoka kwenye kihori, kipande cha gogo kilichochimbwa mfano wa mtumbwi mdogo. Aliyachemsha kwenye ile sufuria iliyovuka milima mpaka yakawa sukari ya rangi ya kahawia. Sukari nyingine hatukuijua. Msimu ukiisha, kihori kilisuguliwa, kikatandikwa ngozi ya paa, kikawa kitanda cha mtoto mchanga. Sote wanne tulilala mle, na sote tulinukia utamu.

Lemueli aliondoka na homa. Hulda aliondoka na ugonjwa wa maziwa, ng'ombe walipokula majani mabaya msituni na sumu ikaingia katika maziwa yao. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuimba. Wa mwisho hakukaa hata akapewa jina. Mama aliomba wazikwe chini ya mti wake wa sukari, na baba akawazika, akaweka jiwe la mtoni juu ya kila mmoja. Mawe matupu.

“Tukishavuna nitachonga majina,” alisema.

Tulivuna mara nyingi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja la siku zile lazima niliseme. Nilikuwa mdogo, nachezea maji, alipokuja chemchemini mzee wa Kishawnee, kabila lililokuwa na nchi ile kabla yetu, na binti yake. Walisimama wakatazama kilima nyuma ya nyumba yetu. Binti alijua maneno yetu kidogo, akamwambia baba kwamba bibi yake amelala pale juu, na mzee amekuja kumwona mama yake.

“Amelala?” baba akasema. “Alama yake iko wapi?”

Binti akamfasiria. Mzee akaonyesha kilima chote kwa mkono.

“Hapana, hapana. Nionyeshe alama. Jiwe, herufi, chochote.” Kisha baba akatandaza viganja. “Unaona? Pasipo na alama hapana mwenyewe. Kunyweni maji mwende zenu.”

Walikunywa, wakaenda. Baba aliisimulia hadithi hiyo miaka na miaka kwa kila mgeni, akicheka, na wageni wakicheka naye. Mama tu ndiye aliyekuwa akiondoka na kwenda kutazama moto.

Sasa nije kwenye siku ya magogo.

Mtu akishaangusha miti mingi kuliko anavyoweza kuiondoa, huwaita majirani. Wanakuja wote na miti ya kunyanyulia, wanajigawa pande mbili, na kila upande unashindana kubingirisha magogo kuyarundika na kuyachoma. Wanawake wanapika, jagi la wiski linazunguka, na ulimi unafanya kazi kuliko mikono. Siku yetu ilipofika nilikuwa na umri wa kutumwa maji. Moshi ulikuwa umefunika bonde zima, na kufikia alasiri shamba lilikuwa jeupe, hakuna kilichosimama ila mti wa sukari wa mama, kijani kibichi, katikati ya majivu.

Jefta Coyle alikuwa mtu mwenye mdomo. Alikaa juu ya gogo, akafuta jasho, akauelekezea kidole.

“Obadia, ule pale ni wa nini? Umejenga kanisa?”

“Ni kona yangu,” baba akasema. “Si unajua wewe mwenyewe, ulishika mnyororo.”

“Kona! Mimi kona zangu zote nimezilaza chini, nimeweka mawe, na mpaka haujanikimbia. Unatia kivuli mahindi yako kwa ajili ya herufi mbili? Sema kweli, jirani. Ni kona yako, au ni mti wa mama Drusila?”

“Mwacheni,” mwingine akadakia. “Ruhusa hajapewa.”

“Aombe! Si yuko jikoni hapo?”

“Ataanza na mti, kesho ataomba ruhusa ya kuvaa suruali!”

Walicheka mpaka mmoja akakabwa na wiski. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba yangu hakuhitaji hata kusifiwa. Kuchekwa tu kulimtosha. Alinyanyuka, akatemea viganja mate, akachukua shoka. Coyle naye akachukua la pili, akasimama upande wa pili wa mti, na wakaanza kupiga kwa zamu, mmoja akinyanyua mwingine akishusha, watu wakiwahesabia kwa kelele. Upande wa Coyle ndio uliokuwa na herufi. Nilikuwa na ndoo yangu karibu hapo, nikaona kipande chenye R kikiruka, na baadaye nikakiona kikiwaka pamoja na magogo mengine.

Mama alitoka jikoni aliposikia kishindo. Mikono yake ilikuwa imejaa unga. Mti ulikuwa umeangukia upande wa mahindi, si upande wa makaburi. Hilo walilifanya kwa ustadi, na baba akatarajia asifiwe.

“Umemaliza, Bwana Rusk?” mama aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Basi njoo ule.”

Ni hayo tu. Wanaume walikula wakashiba, wakamsifu mpishi, wakaenda zao.

Kilibaki kisiki. Kila Jumapili mama alikwenda kukaa juu yake, mgongo kwa nyumba, uso kwa watoto wake. Laiti angetukana, pengine baba angepona. Lakini mgongo ule ulimla. Mwaka uliofuata baba alikitia moto kisiki kile, kikafuka moshi siku nyingi, kisha akachimbua masalia kwa sururu, akapitisha plau mpaka ukingoni mwa makaburi, akapanda mahindi juu yake.

“Kisiki kinavunja plau,” alisema mezani, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Nilikuwa nimeshakuwa mwali alipotokea Meja Ashcombe. Huyu alikuwa mtu wa Virginia aliyepewa nchi kubwa kwa ajili ya vita ambavyo hata baba yangu alipigana, ila baba alipigana kwa miguu na yeye juu ya farasi. Hakuwahi kuliona bonde letu. Karatasi zake ndizo ziliangukia juu ya mashamba ya watu wakiwa wanalima. Wengine walihama usiku, wengine wakaelewana naye. Jefta Coyle alielewana naye mapema kabisa. Baba alisema yeye haelewani na mtu. Shamba lake lilipimwa mbele ya macho yake, na kona yake inajulikana na Mungu na wanadamu.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kueleza. Kama kona yetu ilikuwa chini, penye chemchemi, bonde ni letu: nyumba, maji, mahindi na makaburi. Kama ilikuwa juu zaidi kando ya kijito, shamba letu lote linapanda mlimani kwenye majabali, na bonde ni la Meja. Karatasi ya mpimaji, mwenyewe akiwa ameshakufa, ilisema tu: mti wa sukari, kando ya chemchemi, una alama. Na kule juu nako kulikuwa na chemchemi, na mti wa sukari, na mti huo ulikuwa bado umesimama.

Wazee wawili wa mahakama walikuja majira ya kuchipua, udongo ukiwa umetoka kugeuzwa. Alikuja pia wakili wa Meja, mtu mwembamba mwenye buti safi, na Coyle nyuma yao. Kule juu walikuwa wameshaukata ule mti na kukuta ndani ya shina kovu la zamani la mviringo. Mimi nilikwenda kulitazama. Lilikuwa jicho la tawi lililovunjika, basi. Wakili alisema ni O. Pete za mti zililingana na umri wa upimaji wetu, na R, alisema, huenda ilioza.

Walipofika kwetu walisimama katikati ya shamba la mahindi, wakatazama huku na huku. Udongo mtupu. Mzee mmoja akamwuliza baba, wala si kwa ubaya:

“Rusk, alama yako iko wapi?”

Mama akageuka akamtazama baba. Baba akatazama kilima nyuma ya nyumba, haraka, akainamisha macho. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sijui yule mzee wa Kishawnee wakati ule alikuwa wapi, lakini kwangu ni kana kwamba alikuwa amesimama nasi pale.

“Palikuwa na mti hapa,” baba alisema. “Niliukata. Jefta anajua. Jefta, waambie.”

Coyle akavua kofia, akaikagua ndani. “Nilishika minyororo mingi enzi zile, waheshimiwa. Miaka mingi imepita.”

“Uliukata pamoja na mimi! Upande wa herufi ulisimama wewe!”

“Tulikata miti mingi siku ile, jirani. Na wiski ilikuwa nyingi, utanisamehe.”

Mimi nikasema nilikiona kipande chenye R kikiwaka. Wakili akatabasamu, akasema mtoto huona anachoonyeshwa na baba yake. Ndipo mama akasogea mbele.

“Mimi nilikuwepo ulipochongwa,” alisema. “Nimeutoboa kila mwaka. Nitawaonyesha pa kuweka mguu.”

“Mama, sheria haimruhusu mke kumshuhudia mumewe mahakamani,” mzee akamwambia.

“Simshuhudii mume. Naushuhudia mti.”

Wazee wakatazama chini, na mmoja akakohoa. Sheria ndiyo hiyo, wakasema. Kisha yule mkubwa, ambaye nadhani alituonea huruma, na huruma yake ndiyo iliyotumaliza, akasema: “Rusk, nionyeshe kisiki basi.”

“Nilikichoma.”

“Kisiki chote?”

“Chote.”

“Mizizi je? Mti wa ukubwa huo hauondoki wote. Nionyeshe mzizi.”

Baba alishika sururu akaanza kuchimba, lakini mwenyewe alikuwa amelima pale kila mwaka, na alikuwa mlimaji mzuri kuliko wote bondeni. Hapakuwa na hata unyuzi. Alichimba hapa, akachimba pale, jasho likimwingia machoni. Kisha akasimama. Nilimwona akipageukia mahali pekee ambapo plau haikuwahi kupita.

Mama alipaona kabla yake. Alikwisha kwenda kusimama kati ya yale mawe matatu.

“Bwana Rusk, hapa hapana.”

“Drusila, mizizi imepita chini hapo. Lazima.”

“Najua ilipo. Ndiyo sababu niliwalaza hapa.”

“Meja akipata bonde hili atalima juu yao! Mawe hayana hata majina. Nani atajua?”

“Nani aliyeyaacha bila majina?”

Baba aliushika mpini. “Nikiupata mzizi nimewaokoa,” alisema kwa sauti ndogo. “Nimewaokoa wao na wewe na nyumba. Sogea, mama watoto. Nakuomba.”

Sijawahi kumsikia akiomba kitu kabla ya siku hiyo.

“Ruhusa sikupi,” mama alisema. “Ila sina nguvu ya kukuzuia.” Akasogea.

Baba alianza taratibu, kwa koleo, kisha kwa mikono. Sitaeleza yote. Mzizi ulikuwepo. Ulikuwa umepita katikati ya sanduku la Hulda, mnene kama mkono wa mtu mzima, mkavu lakini kamili, na vijizizi vyake vilikuwa vimeshikamana na kila kitu kilichokuwa ndani. Baba aliukata, akautoa, akaunyanyua juu kwa mikono miwili. Alikuwa analia na kucheka.

“Huu hapa! Unuseni! Ni mti wa sukari huu!”

Mzee mkubwa alivua kofia. Yule mwingine alikwenda akasimama kando ya uzio, mgongo kwetu. Wakili aliupokea mzizi, akaukwaruza kwa kisu, akanusa.

“Ni mti wa sukari,” alisema. “Sibishi. Lakini hatukuulizwa kama palikuwa na mti hapa. Kentucky yote palikuwa na miti. Tumeulizwa kama palikuwa na alama. Mzizi hauna herufi.”

Akaurudisha kwa adabu, akajifuta vidole. Kona ikawekwa kule juu.

Niseme wazi: siku ile nilimchukia baba yangu. Nilimchukia kwa mti, na kwa kisiki, na kwa shimo. Nilimchukia zaidi kwa sababu alipiga magoti pale na mzizi wake mapajani, na ilibidi nimhurumie.

Mama alikwenda bandani akarudi na kihori. Alishuka shimoni mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alimwokota Hulda, kisha akafukua chini ya mawe mawili yaliyobaki, maana alisema hamwachi mmoja wao alimwe. Baba alimfuata nyuma.

“Tuwazike tena, Drusila. Nitachimba vizuri zaidi.”

“Wapi? Kwenye shamba la Meja?”

Sote wanne tulianzia katika kihori kile. Watatu wakarudi.

Tulihama kabla mahindi hayajaota. Majabali tuliyoachiwa hayakufaa hata mbuzi. Tulipovuka mto Ohio, mwenye kivuko alitaka kihori kiwekwe chini ya magunia kuokoa nafasi. “Mna nini humo, mama, sukari?” Mama akamjibu kwamba ni wanawe, na akakaa nacho mapajani mpaka ng'ambo. Mwenye kivuko hata nauli alisahau mpaka baba alipomkumbusha.

Indiana nako kulikuwa na wenyewe, waliohamishwa si zamani. Hatukuuliza waliko, na hakuna aliyetuambia. Mama alichagua mwinuko mdogo nyuma ya nyumba, akawazika watoto wake, na safari hii alichonga majina mwenyewe kwa msumari, vibaya, lakini yanasomeka. Hata yule asiye na jina alimpa.

Baba aligeuka akawa mtu mwingine, jambo ambalo halikumsaidia yeyote. Mtu aliyeichukia miti akawa hataki kukata hata kijiti cha kuni. Jioni alizunguka mpaka wa shamba, akigusa mti wa kila kona kwa kiganja. Mashamba ya kule yalipimwa kwa mistari iliyonyooka, lakini kona moja, ile ya mashariki, ilikuwa kwenye uwanda mtupu, na mpimaji aliweka kigingi tu. Kigingi kile kilimnyima baba usingizi. Kila mara alikwenda kukipigilia. Kikioza alichonga kingine. Mimi ndiye niliyelima.

Homa ilipomlaza kwa mara ya mwisho alijua. Alimwita mama, nami nilikuwa nimeshika taa.

“Drusila, mniweke kwa watoto.”

Mama alikuwa anakunja kitambaa cha maji. Alikikunja mpaka mwisho, akakiweka pajani mwake.

“Hapana, Bwana Rusk. Wale umeshawaamsha mara moja.”

Baba alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Akauliza, “Wapi basi?”

“Kwenye kona ya mashariki. Kigingi hakifai. Nitakuchongea herufi.”

Wako watakaosema alikuwa na moyo wa jiwe. Mimi nilimwona akichonga jiwe lile, jioni baada ya jioni, na mikono yake haikuwa mikono ya mtu mwenye chuki. Alichonga mikato mitatu, kisha O, kisha R, na alichimba ndani sana. Tulimzika pale uwandani, mbali na kivuli chochote, na tukasimamisha jiwe juu yake. Mama mwenyewe, alipofika wakati wake, nilimlaza juu kwenye mwinuko pamoja na watatu wake, kama alivyotaka. Kutoka pale jiwe la baba linaonekana, likiwa peke yake, nusu yake ndani ya mahindi yetu na nusu ndani ya mahindi ya jirani.

Mwaka huu nimepata jirani mpya, naye ni mbishi. Juzi mpimaji alikuja, kijana mpole, na mnyororo wake begani.

“Bibi, shamba hili linaanzia wapi?”

Nilimpeleka mpaka kwenye jiwe. Aliinama, akapapasa herufi kwa kidole.

“Huyu ni nani?”

“Baba yangu.”

Akavua kofia, akanipa pole. Kisha akazungusha ncha ya mnyororo kwenye jiwe, akauvuta kuona kama litatikisika. Halikutikisika. Nikamwambia aanzie hapo.